Arlene na Kitabu cha Pointi

Mimi ni fundi bomba na ninapenda kuongea. Nalisema mapema kwa sababu katika habari hii mdomo wangu ndio uliofanya madhara, na sitaki mtu aje kuniambia baadaye kwamba nilimficha.

Kila asubuhi saa kumi na mbili, ukiacha Jumapili, nipo mgahawani kwa Nadine, meza ya dirishani, na Delbert Fouts yuko mbele yangu. Kazi yetu ni kuichambua timu. Timu yenyewe ni Wahunzi, vijana wa mpira wa kikapu wa Chuo cha Thornbury, hapa mjini kwetu Corwin, Indiana. Ukiondoa chuo, ghala la mahindi na mgahawa wa Nadine, Corwin inabaki barabara tu na theluji iliyochafuka. Delbert alifuga nguruwe miaka arobaini, na katika miaka hiyo yote hakuna aliyemsikia akiwasifu nguruwe wake. Timu ndiyo haisifu kabisa.

Mwezi wa pili ulikuwa unaisha. Tulikuwa tumeshinda mechi kumi na saba na kufungwa saba, na ilibaki moja ya nyumbani kabla ya mtoano. Meza ilikuwa haikaliki.

"Hawafiki popote hawa," Delbert alisema, akijimwagia mchuzi mweupe juu ya mkate wake. "Mitupo huru hawajui. Mtu umesimama peke yako, hakuna anayekukaba, mpira unao mkononi, kikapu hakikimbii. Unakosaje?"

"Na ukabaji wao huuoni?" nikamrukia. "Nani ametufunga zaidi ya pointi sabini tangu Krismasi? Mtaje! Mtaje mmoja tu!"

"Pruitt akipata faulo ya nne, nani atakaba? Wewe na tumbo hilo?"

Devonte Pruitt ndiye mrefu wetu wa kati. Akiwa uwanjani, wapinzani wanalikwepa eneo lote la chini ya kikapu. Akitoka, wanapita kama sokoni. Hilo nilikuwa nalijua, lakini kumkubalia Delbert mbele ya watu, thubutu!

"Tuna benchi," nikasema.

"Benchi lipi, Merle? Lile la mbao? Maana waliokalia siwaoni."

Nadine akapita na birika la kahawa. "Nyinyi wazee, timu ina kocha. Mnajua hilo? Amesomea." Akatujazia vikombe bila kungoja jibu.

Meza ya pili, peke yake, Arlene Hostetler alikuwa anakula yai lake. Yai moja, mkate mmoja, kila siku. Nikamgeukia kama nilivyomgeukia miaka yote: "Arlene, tuamue. Nani mwenye akili hapa?"

"Siwezi kusema, Merle. Jumamosi nipo mezani."

Basi. Hilo ndilo lilikuwa jibu lake kwa miaka thelathini na mmoja. Arlene ndiye aliyekuwa mwandishi wa mechi zetu za nyumbani. Alikaa kwenye ile meza ndefu katikati ya uwanja, amevaa shati la mistari myeupe na myeusi, penseli mkononi, kitabu kikubwa mbele yake, na kila kikapu, kila faulo, kila dakika ya mapumziko iliyoombwa ilipita kwenye mkono wake. Ule ubao wa taa ukutani tunautazama kwa raha zetu tu. Ukitofautiana na kitabu, kinachofuatwa ni kitabu. Na mwandishi hashangilii. Hapigi makofi, haguni, hata kichwa hatikisi. Mwaka ule kijana wetu alipotupa mpira kutoka nusu ya uwanja ukaingia wakati king'ora kinalia, watu elfu mbili tulirukiana, mimi nikambusu Delbert kwenye kipara, haki ya Mungu. Arlene aliinama, akaandika tatu.

Kabla ya kustaafu alikuwa anapima malori kwenye mizani ya ghala la mahindi. Miaka thelathini na minne. Wakulima wa huku ni watu wa kanisa, lakini msimu wa mavuno shetani naye anaendesha lori. Kuna waliokuwa wakikaa ndani ya gari wakati linapimwa, na mbwa wawili wakubwa kando yao, ili uzito upande. Arlene alifungua kidirisha chake na kusema, bila ukali wowote, "Shuka. Na mbwa." Mumewe mwenyewe, marehemu Vernon, aliwahi kuleta mahindi mabichi, akakatwa malipo kwa unyevu kama mkulima mwingine yeyote. Vernon alinuna siku tatu. Siku ya nne alikuwa anatusimulia sisi mgahawani kwa majivuno: "Mmemwona mke wangu? Hata mimi!"

Nilikuwa namwogopa kidogo, na nilikuwa nampenda sana. Sikuwahi kumwambia.

Sasa twende Jumamosi. Mechi ya mwisho nyumbani, saa tisa alasiri, dhidi ya Bexford, watu wa kutoka ng'ambo ya mto ambao wanajiona sana. Anayeshinda anaanza mtoano kwake. Anayeshindwa anapanda basi. Na kwetu mechi ya mwisho nyumbani ina desturi yake: vijana wanaomaliza masomo mwaka huo ndio wanaoanza, hata kama hawajawahi kugusa mpira msimu mzima. Ndiyo maana jina la Tobias Graber lilikuwa kati ya wanaoanza.

Tobias ni mtoto wa fundi seremala. Miaka minne kwenye timu, miaka minne kwenye benchi. Alikuwa wa kwanza kufika mazoezini na wa mwisho kuondoka, na kazi yake siku za mechi ilikuwa kuwapa wenzake taulo. Siku ile alivaa jezi namba ishirini na nne, akaanza, akakimbia dakika mbili, uwanja mzima ukamshangilia, akarudi kukaa. Tukadhani ndiyo imetoka.

Loo! Mechi ilibana. Yale yote Delbert aliyoyasema yakaanza kutokea, moja baada ya jingine, na kila likitokea ananigusa ubavu kwa kiwiko. Tukakosa mitupo huru tisa. Pruitt akapata faulo ya nne, kisha ya tano, ambayo humtoa mchezaji, akatoka. Walinzi wetu wawili walikuwa na homa, wako nyumbani. Lakini ukabaji, jamani, ukabaji! Wale watoto walijitupa chini kwa kila mpira. Bexford walipumua kwa shida. Zikiwa zimebaki sekunde thelathini na moja ilikuwa sitini na sita kwa sitini na sita, na kocha akageuka kutazama benchi lake, akamwona Tobias.

Tobias akaingia. Akapokea mpira kwa bahati tu, si kwa mpango, akaingia nao chini ya kikapu, akachezewa faulo. Mitupo huru miwili.

Hapo ndipo mambo yaliposimama. Mwandishi wa Bexford, kijana mwenye miwani aliyekaa ubavuni kwa Arlene, alikiangalia kitabu, akamwita refa. Kitabuni hakukuwa na namba ishirini na nne. Graber alikuwa ameandikwa arobaini na mbili.

Sheria ni hii: kabla ya mechi, timu inaleta mezani orodha ya wachezaji na namba zao, na mwandishi anainakili kitabuni. Mchezaji akicheza na namba isiyo ya kwenye orodha, timu yake inaadhibiwa, wapinzani wanapewa mtupo huru. Lakini ikiwa orodha ni sahihi na mwandishi ndiye aliyekosea kunakili, hakuna adhabu. Inarekebishwa, mchezo unaendelea.

Na orodha yetu ilikuwa imeandikwa na kocha msaidizi, Kyle Beemer. Kyle ni kijana mzuri lakini aliwahi kusafiri na timu kilomita mia mbili akasahau viatu vya wachezaji. Uwanja mzima ulijua nani amekosea. Nilimwona Kyle akishika kichwa kwa mikono miwili. Hata yeye mwenyewe aliamini amekosea.

Refa akainama mezani. Sisi tulikaa safu ya tatu nyuma ya meza, nilisikia kwa masikio yangu.

"Bi Arlene, orodha yao inasemaje?"

"Orodha yao ni sahihi," Arlene akasema. "Kosa ni langu."

Refa alimtazama kidogo. Akapewa karatasi, akaitupia jicho, akairudisha. Arlene akaiweka chini ya kitabu, akarekebisha namba, akanyoosha mgongo. Tobias akaenda kwenye mstari. Wa kwanza ukagonga chuma ukatoka. Wa pili ukazunguka, ukazunguka, ukaingia. Bexford wakakosa mtupo wao wa mwisho. Sitini na saba kwa sitini na sita, na mimi sina sauti mpaka Jumapili jioni.

Jumatatu nilikuwa nayo. Nilifika kwa Nadine mapema, na nilipoufungua mdomo sikuufunga.

"Mmeelewa alichofanya yule mama?" niliwauliza watu wote, maana siku ile mgahawa ulijaa. "Arlene Hostetler hajawahi kukosea namba tangu tumjue. Kamwe! Karatasi ya Kyle ilikuwa na makosa, na yeye akaijua, akabeba. Alidanganya! Kwa ajili yetu! Akaificha haraka chini ya kitabu, nilimwona!"

"Na refa?" mtu akauliza.

"Refa na ule mwandiko wa Kyle? Ungesoma nini pale? Aliliamini neno la Arlene tu."

Delbert, ambaye hajawahi kukubaliana nami hata kuhusu siku ya wiki, aliitikia kwa kichwa taratibu. "Uongo mmoja katika miaka thelathini na mmoja," akasema. "Na akauchagulia wakati wake." Watu wakapiga makofi. Nadine alikwisha kuweka pai ya krimu nzima kwenye meza ya Arlene. Ilipofika saa kumi na mbili na nusu hadithi hiyo ilikuwa imeshavuka barabara na kufika posta.

Arlene akaingia. Tukasimama, wanaume kwa wanawake, tukampigia makofi. Mimi nikapaza sauti: "Huyo hapo! Mwongo wetu mpendwa!"

Alibaki mlangoni na koti lake. Sijawahi kuona uso wa mtu ukibadilika vile kwa sifa. Aliuliza, kwa sauti ya chini, "Umesema nini, Merle?"

Nikamweleza. Ee, nilimweleza kwa raha zote, na kwa mikono. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha alitoka nje, tukamwona kupitia dirishani anafungua mlango wa gari lililomleta. Akarudi na kile kitabu kikubwa kifuani, akakiweka juu ya meza yetu, katikati ya sahani, na juu yake karatasi ya Kyle.

"Soma," akaniambia.

"Arlene, sisi hatukulaumu..."

"Soma karatasi, Merle. Kwa sauti."

Nikasoma. Kyle, Mungu amsaidie, siku ile alikuwa ameandika kwa herufi kubwa, moja moja, safi kama za mtoto wa darasa la kwanza. "Graber, Tobias. Ishirini na nne."

"Imeandikwa vibaya?"

"Hapana."

"Mtu anaweza kukosea kuisoma?"

"Hapana, Arlene. Inasomeka vizuri kabisa."

"Sasa soma kitabuni. Mwandiko wa nani?"

"Wako." Arobaini na mbili ilikuwa imekatwa kwa mstari mmoja, na ishirini na nne imeandikwa juu yake. Pembeni, kwa penseli, alikuwa ameandika: kosa la mwandishi.

Arlene alivuta kiti, akakaa nasi. Miaka yote hiyo hakuwahi kukaa kwenye meza yetu.

"Daktari aliniambia mwezi wa kumi," akasema. "Macho yanakufa kutoka katikati. Pembeni naona. Nikikutazama usoni sasa hivi, Merle, naona kofia yako na masikio. Uso haupo."

"Hujakosa kitu," Delbert akasema, kisha akajuta hapo hapo, ukamwona. Lakini Arlene alicheka, kicheko kifupi cha kweli.

"Namba za jezi ni kubwa, nilijifunza kuzitazama kwa pembeni. Karatasi ndiyo ilinishinda kunakili kwa haraka; yule kijana alipomwita refa niliikagua tena kwa pembeni, ndipo nikaiona namba. Nikasema nijipe msimu mmoja, muda mfupi tu, mpaka Machi. Hapo ndipo nilipokosea, si kwenye namba. Nilipaswa kusema mwezi wa kumi ule ule. Yule mtoto na timu yake wangeadhibiwa kwa sababu ya kiburi changu."

"Lakini ulisema," Nadine alimwambia kutoka kaunta. Alikuwa analia waziwazi, birika mkononi. "Ulisema palepale, Arlene."

"Nilisema, na leo nakuta mji mzima unanisifu kwamba nilidanganya." Alinigeukia, au aliligeukia sikio langu. "Merle, ungesema mimi kipofu, ningelala usingizi. Mimi ni kipofu. Lakini nimekaa kwenye mizani miaka thelathini na minne, na kwenye kitabu thelathini na mmoja. Nina kitu kimoja tu. Usininyang'anye ukadhani unanipa zawadi."

Nilitaka sakafu inimeze pamoja na kiti. Nikasema, "Nisamehe." Halafu nikasimama, nikavaa kofia, nikaenda posta, nikaenda kwa kinyozi, nikaenda ghala la mahindi, nikapita hadi ofisi ya kanisa, na kila mahali nilisema maneno yale yale: nilisema uongo asubuhi, Arlene hakudanganya, alikosea, naye alikiri, karatasi nimeisoma mwenyewe. Watu wengine walikunja uso. Walitaka ile hadithi ya kwanza. Hata mimi niliipenda zaidi, lakini haikuwa kweli.

Mchana huo Arlene alikwenda chuoni akakabidhi penseli na lile shati. Kocha alimwomba abaki mpaka mtoano uishe. Alikataa.

Jumamosi iliyofuata, siku ya kwanza ya mtoano, aliketi safu ya tatu kati yangu na Delbert, amevaa sweta ya bluu. Mezani alikaa mwalimu mmoja wa hesabu, anatoka jasho. Kabla ya mpira kurushwa Arlene aliniambia, "Sioni hata theluthi ya haya. Utanisimulia wewe."

"Mimi?" nikasema. "Kwa nini si Delbert?"

"Delbert ataniambia wamekosa kabla hawajatupa."

Basi nikaanza. Nakwambia, sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile, na nimechimbua mifereji ya maji machafu Januari. Nilizoea kuutazama mchezo kama ninavyotaka uwe. Sasa kila nikifungua mdomo nilimkumbuka mtu aliyekaa kando yangu, nikajiuliza, je, ndivyo ilivyotokea? Faulo ile tuliicheza sisi? Ilikuwa yetu. Nikasema ni yetu. Delbert aliniangalia kama nina homa.

Dakika za mwisho tulikuwa nyuma kwa pointi moja. Pruitt akapora mpira kando kabisa, akageuka, akamrushia mlinzi wetu mbele, kikapu, na watu elfu mbili wakasimama wakapiga kelele mpaka vioo vikatetemeka. Delbert alikuwa analia na kuruka kama mtoto. Refa alinyoosha vidole viwili: halali. Arlene naye alikuwa amesimama, mikono juu, anapiga kelele kwa sauti ambayo hakuna mtu mjini aliyewahi kuisikia kwake. Kisha akanivuta mkono, mdomo sikioni.

"Imekuwaje? Niambie yote!"

Mimi nilikuwa nimeona. Pruitt alipoupora mpira, kisigino chake kilikuwa nje ya mstari, inchi nzima. Refa alizibwa na watu. Nadhani katika jengo lile nilikuwa mmoja kati ya watu watano walioona, na wanne walikuwa wa upande wa pili. Nilimtazama Arlene, mashavu mekundu, ana furaha kama msichana, na nikatamani kufa.

"Alikanyaga mstari," nikamwambia. "Mpira ulikuwa wao. Refa hakuona."

Mikono yake ikashuka. Watu wa safu ya pili waligeuka kunikodolea macho, na mmoja akaniita msaliti. Arlene alikaa, akanipiga goti kidogo mara mbili, kisha akauliza zimebaki sekunde ngapi.